Sekunde Hamsini za Sauti Yangu

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, mwanzoni mwa Februari 2024, nikiwa ninasahihisha mitihani. Ulitoka kwenye namba nisiyoifahamu. Uliniarifu kwamba mwanamke fulani, jina lake kamili limeandikwa kwa herufi kubwa, amekopa fedha na kutoroka. Kwamba namba yangu imo miongoni mwa wadhamini wake. Na kwamba asipolipa kabla ya saa sita mchana siku inayofuata, picha yake itasambazwa kwa watu wote waliomo kwenye simu yake. Mwanamke huyo ni mama mdogo wangu, mdogo wake mama yangu wa tumbo moja, mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, wilayani Kongwa. Hajawahi kutoroka popote. Tangu nimfahamu, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Morogoro kuuguza mgonjwa.

Nilimpigia, hakupokea. Nikampigia mjukuu wake anayeishi naye, binti wa kidato cha tatu. Alipokea akilia. Ujumbe ule ule ulikuwa umekwenda kwa mwalimu wake wa darasa, kwa kiongozi wa kwaya ya kanisani, kwa fundi cherehani, kwa dereva wa bodaboda anayewabebea mizigo, na kwa mzee mmoja wa sokoni ambaye bibi yake humheshimu kuliko mwenyekiti wa mtaa. Nikamwuliza, kwa hasira ya mtu aliyesoma, ni nani aliyewapeleka kwenye mkopo wa namna ile. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, bila kejeli yoyote: "Si wewe, mjomba?"

Alikuwa amesema kweli.

Wasomaji wa safu hii wanafahamu kwamba tangu mwaka 2021 nimekuwa nikiendesha podikasti ndogo pamoja na vijana wawili niliowafundisha. Tunazungumza mara moja kwa wiki kuhusu bajeti, mirathi, uchaguzi, ardhi, na mengine ambayo redio huyapitia juu juu. Chumba chetu ni stoo iliyotundikwa mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Hatukuwa na mfadhili, na hilo tulijivunia mpaka kinasa sauti kilipoharibika. Oktoba 2023 kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni, ambayo sitaitaja, ikatutafuta. Ilitaka tangazo lake lisomwe ndani ya vipindi vinne, na lisomwe na mimi, si na kijana yeyote mwenye sauti ya redio. Malipo yalikuwa shilingi 600,000. Walitupa pia neno fupi ambalo msikilizaji angeliandika wakati wa kujisajili, ili wao wahesabu ni wangapi wametoka kwetu.

Maandishi waliyotuletea yalikuwa mabovu. Yalikuwa na sifa saba za huduma zao, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha kutafsiriwa. Niliwaambia, kwa kujiamini kwa mtu ambaye kazi yake ni kusema mbele za watu, kwamba hakuna atakayesikiliza hadi sifa ya tatu. Nikayaweka kando nikasimulia jambo la nyumbani. Nilisimulia jinsi marehemu baba, mwaka mmoja ambao mtama uliungua shambani, alivyoondoka alfajiri na debe kwenda kukopa nafaka kwa jirani wa kijiji cha pili, akarudi jioni na debe tupu. Si kwamba alinyimwa. Alifika, akakuta wageni, akaona haya kuomba mbele yao, akakaa, akasalimia, akaondoka. Sisi Wagogo ni watu ambao njaa zetu zina majina. Ile ya mwaka 1917 hadi 1920, iitwayo Mtunya, bado inatajwa na watu ambao hata wazazi wao hawakuwapo. Kwa hiyo kisa cha debe tupu hakihitaji ufafanuzi kwa msikilizaji wa kwetu. Baada ya kisa nikasema: siku hizi mtu anaweza kukopa bila mtu yeyote kujua. Nikataja jina la kampuni na neno la kujisajilia. Sekunde hamsini, zimekwisha.

Naomba msomaji aitazame sentensi ile. "Bila mtu yeyote kujua." Haikuwamo katika maandishi ya kampuni. Niliibuni mimi, kwa sababu kisa changu kiliidai.

Tangazo lilifaulu. Mwezi wa pili kampuni ilituandikia kwamba neno letu limetumika kupita matarajio yao, wakataka kuongeza mkataba. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa ya fedha. Ilikuwa ile ya mwalimu aliyeonyesha kwamba anaweza kufanya kwa vitendo kile anachokifundisha.

Kwani ni kweli ninakifundisha. Katika kozi yangu ya mawasiliano ya umma kuna wiki mbili za matangazo, na kila mwaka ninaanza kwa kuwauliza wanafunzi maswali mawili: tangazo gani unalikumbuka, na tangazo gani limekutoa fedha mfukoni. Majibu hayafanani hata kidogo. Yanayokumbukwa ni ya vichekesho, yenye wimbo, yenye mchekeshaji aliyevaa gauni. Yaliyotoa fedha mfukoni mara nyingi hata hayaitwi matangazo. Mwanafunzi husema "nilimsikia fulani akisema". Fulani huyo ni mtu anayemfuatilia mtandaoni kila wiki, ambaye hajawahi kukutana naye, na ambaye humwita kwa jina la kwanza kana kwamba walikua pamoja.

Mifano ya ughaibuni inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 2010 YouTube ilianza kumruhusu mtazamaji aruke baadhi ya matangazo baada ya sekunde tano, na watunga matangazo wakatambua kwamba ufundi wao wa zamani, wa kujenga kisa taratibu na kutaja bidhaa mwishoni, umekwisha. Mwaka 2015 kampuni ya bima ya Marekani, Geico, ikafanya mzaha na sekunde hizo. Familia imeketi mezani, mama anataja akiba waliyopata kwenye bima, sauti inatangaza kwamba tangazo hili haliwezi kurukwa kwa kuwa limeshakwisha, na waigizaji wanaganda kama picha. Anayebaki akitembea ni mbwa, ambaye anapanda mezani na kula tambi za kila mmoja. Watu walilitazama hadi mwisho kwa hiari, na likapata tuzo kubwa kule Cannes. Ninawaonyesha wanafunzi kila mwaka, wanacheka kila mwaka. Hakuna aliyewahi kuniuliza bei ya bima.

Mfano wa pili ni wa masikioni. Mwaka 2014 podikasti ya Marekani iitwayo Serial, iliyochunguza mauaji ya zamani sehemu baada ya sehemu, ilisikilizwa na mamilioni. Mwanzoni mwake kulikuwa na tangazo la kampuni ya kutuma barua pepe, Mailchimp, lenye sauti za watu wa kawaida wakilisoma jina hilo. Msichana mmoja akaliparaganya: "Mail... kimp?" Kosa hilo halikufutwa, na ndilo lililobaki vichwani mwa watu hadi likawa utani wa mtandaoni. Wataalamu wamelisifu kwa unyoofu wake. Mimi nadhani kuna jambo la kawaida zaidi: msikilizaji alikuwa amengoja wiki nzima kujua nani aliua, na lolote lililosemwa mlangoni mwa kisa kile liliingia nacho ndani.

Podikasti ina hila ambayo televisheni haina. Kwenye televisheni tangazo hutanguliwa na mlio, sura hubadilika, na mtoto anajua kwamba sasa ni wakati wa kwenda chooni. Kwenye podikasti, sauti iliyokuwa ikimfafanulia msikilizaji deni la taifa ndiyo hiyo hiyo inayoendelea, kwa pumzi ile ile, kumsifia bidhaa. Mikono ya msikilizaji imo kwenye unga au kwenye usukani, wala haifiki kwenye kitufe. Sauti imo masikioni, ndani kabisa, mahali ambapo kwa kawaida humruhusu ndugu tu. Hapo hakuna mpaka wa kuvuka, na msikilizaji hajui kwamba amevushwa.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa na vielelezo vyake. Ambacho sikukifanya ni kukumbuka kwamba wilaya yangu mwenyewe ina historia ndefu katika jambo hili, tena historia iliyoandikwa.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wenye umri wangu waliokulia mikoa mingine wanamfahamu Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, na mkewe Tunu, aliyevumilia mpaka akachoka na kuanza maisha yake. Mkwaju aliugua UKIMWI akafa. Nilipofika chuoni nilishangaa kuona wenzangu wa kutoka Mwanza na Mbeya wakitaniana kwa jina hilo: "wewe ni Mkwaju." Mimi sikumjua. Nilidhani ni ushamba wangu wa Kongwa. Miaka mingi baadaye, nikisoma kwa ajili ya shahada ya uzamivu, nikakutana na makala ya Everett Rogers na wenzake iliyochapishwa mwaka 1999, na nikajikuta ndani yake. Mkoa wa Dodoma ulikuwa umeteuliwa kuwa eneo la kulinganishia. Kuanzia 1993 hadi 1995 mchezo ulirushwa kwingineko, na kituo cha Dodoma kikarusha vipindi vingine badala yake, ili watafiti waone tofauti kati ya walioambiwa na wasioambiwa. Mwaka 1995 nasi tukafunguliwa. Kwa hiyo nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, nikimshikia baba antena ya redio, nilikuwa takwimu ya mtu asiyejua. (Sijapata kuamua kama nikasirike. Kisayansi walifanya vema.)

Walichokiona kinahusu mada yetu moja kwa moja. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo ulikosikika, na njia mojawapo iliyoleta badiliko ni kwamba watu walizungumza: mume na mke, jirani na jirani, wakimjadili Mkwaju kana kwamba anaishi mtaa wa pili. Mbinu yenyewe ilitoka Mexico kwa Miguel Sabido, aliyetunga tamthilia za televisheni za namna hiyo miaka ya 1970. Aliweka mhusika mwema, mhusika mbaya, na katikati yao mtu anayesitasita, ambaye mtazamaji hujiona ndani yake na kujifunza pamoja naye. Ujumbe haukusimama peke yake ukipiga kelele. Ulipanda lori la Mkwaju.

Kongwa ina mfano mwingine, ambao kwangu una thamani kuliko wa Mkwaju kwa sababu hauna redio kabisa. Trakoma, ugonjwa ambao kwetu watu huuita vikope, ulikuwa umeenea wilayani kiasi cha kuwavuta watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1995 walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lao la kuwashawishi watu wawanawishe watoto nyuso. Vijiji sita vilipewa dawa ya macho. Vitatu kati yake vikapewa pia kampeni ya kunawa, iliyofanyika kwa mikutano ya majirani wenyewe badala ya mabango. Katika vijiji hivyo vitatu nyuso safi ziliongezeka, na watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata trakoma kali. Mtu wa nje anaweza kuona ni jambo dogo. Mtu aliyebeba ndoo kilomita kadhaa anajua kwamba kumwambia mama wa Kongwa atumie maji kumnawisha mtoto mara kwa mara ni kumwomba fedha. Ninakumbuka jirani yetu akionyesha wenzake, kwa kopo moja la maji, ni watoto wangapi wanaoweza kunawa kabla halijakwisha. Walihesabu kwa sauti. Mama yangu alirudi nyumbani akatunawisha kwa kopo, na hakuacha tena.

Katika kisa hicho, aliyesema alikuwa mtu anayejulikana, ambaye angekuwapo kesho yake. Kilichoombwa kilikuwa kidogo na kilifanyika hapo hapo. Na kama angekuwa amedanganya, kopo lingemwumbua mbele ya wote.

Ni kweli Kongwa imeona pia matangazo ya aina nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakaeleza dunia jinsi nyika yetu itakavyowapatia mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yakaja, reli ikajengwa, na udongo wetu, ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji, ukawashinda. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Karanga hazikupatikana za kutosha, lakini habari yake inasimuliwa hadi leo hapa na kule Uingereza. Kwa kipimo cha kukumbukwa peke yake, lile lilikuwa tangazo bora kuliko yote yaliyopata kutolewa kuhusu wilaya yetu.

Nilikwenda Kibaigwa Jumamosi iliyofuata. Mama mdogo alikuwa sokoni kama kawaida, ameketi juu ya gunia, khanga ameifunga kichwani kuzuia vumbi la mahindi. Nilimsalimu kwa Kigogo, "mbukwa," akaitikia, akanipa kigoda, akaagiza chai. Hakuna neno la mkopo lililosemwa mpaka chai ikaisha. Hapo ndipo akaanza kunieleza, na alianza kwa kunitetea.

"Baba, wewe ulisema vizuri," aliniambia. "Ulisema habari ya shemeji na debe. Siku ile ya debe mimi nilikuwapo, nilikuwa nimekuja kumsaidia dada. Nilipoisikia kwenye simu ya huyu mtoto nikalia. Nikasema, basi mwanetu ameona njia."

Mjukuu wake hutusikiliza wakati wa kupika. Bibi alikuwa akichambua mboga. Hajali siasa, ila alipenda kusikia sauti yangu jikoni kwake. Alisema ilikuwa kama nimekuja. Januari ile bei ya mahindi ilikuwa nzuri, na alijua mtu wa Mkoka mwenye akiba ghalani. Alipungukiwa mtaji kidogo. Angeweza kukopa kwa kikundi chao cha kuweka na kukopa, lakini huko mtu husimama na kueleza shida yake mbele ya wanawake ishirini. Akakumbuka nilichosema. Bila mtu yeyote kujua.

Waliomba 200,000 kwa simu ya mjukuu, wakapokea 150,000; zilizobaki zilikatwa kabla, kama ada. Walitakiwa kurudisha 200,000 katika siku kumi na nne. Walipojisajili, programu iliomba ruhusa ya kuona majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, na binti akabonyeza kukubali kama sote tunavyobonyeza. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Lori lililobeba magunia lilikwama kwenye matope njia ya Mkoka, likakaa huko siku tisa. Siku ya kumi na tano simu zilianza. Faini iliongezeka kila siku. Mpaka nilipofika Kibaigwa walikuwa wameshalipa jumla ya shilingi 310,000, na ujumbe ulikuwa bado unakwenda kwa watu, kwa sababu mfumo ulikuwa haujasoma malipo ya mwisho.

Mitaani mikopo ya namna hii hupewa jina la kausha damu. Nilikuwa ninalijua. Nilikuwa nimelitumia katika kipindi chetu, miezi michache kabla ya tangazo, nikiwashutumu wakopeshaji wa mtaani wanaochukua kadi za benki za walimu. Sasa jiulize, msomaji, jinsi tangazo langu lilivyosikika masikioni mwa mtu aliyesikia shutuma ile. Lilisikika kama pendekezo la mtu anayewajua wabaya, na kwa hiyo anawajua wazuri.

Ndiyo sababu sikubaliani na wenzangu walioniambia kwamba kosa ni la kampuni, kwamba mimi nilisoma tangazo tu. Kampuni haikununua sekunde hamsini. Sekunde ni rahisi, mtandao umejaa sekunde. Ilinunua miaka miwili ya vipindi ambavyo ndani yake sikuwa nimemdanganya mtu, pamoja na debe la baba yangu. Hivyo ndivyo vilivyolifanya tangazo likumbukwe na ndivyo vilivyolifanya lifanye kazi, na vyote viwili havikuwa mali yao kabla sijavitoa. Jirani yetu mwenye kopo angeulizwa kesho yake kisimani. Mimi hakuna kisima nilichokutana nacho na wasikilizaji wangu, isipokuwa huyu mmoja ambaye alikuwa ndugu.

Na hapa ninataka kuzungumza na wenzangu wa harakati, kwa kuwa watumishi wa umma wanaosoma safu hii wamezoea kulaumiwa peke yao. Mwaka 2018, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotutaka wenye blogu tulipe ada iliyozidi shilingi milioni mbili ili tuandike, tulipiga kelele, nami nilikuwa miongoni mwao, na sijutii. Tulidai haki ya kusema. Katika mikutano yote ile sikumbuki yeyote kati yetu aliyeuliza tutafanyaje siku mtu atakapokuja kukodi usemaji wenyewe. Tulimchukulia msikilizaji kuwa ni mtu wa kutetewa dhidi ya serikali, wala haikutujia kwamba angeweza kuhitaji kutetewa dhidi yetu.

Sheria si kwamba hazipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa ili majina ya kwaya nzima yageuzwe fimbo ya kudaia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Niliisoma orodha ile jina kwa jina usiku uliotoka, nikiitafuta kampuni yetu. Nakiri nilitaka kuikuta, ili niseme kwamba nami nilidanganywa. Haikuwamo, au ilikuwamo kwa jina jipya. Nilipoifunga simu nilitambua kwamba kabla ya kusoma tangazo sikuwa nimeuliza hata swali moja ambalo ningemwuliza mwanafunzi wangu kuhusu tasnifu yake: leseni iko wapi, riba ni kiasi gani, mtu akichelewa anafanywa nini. Nilisahihisha Kiswahili chao. Hicho ndicho nilichokagua.

Mkataba mpya tuliukataa, na zile 310,000 nilimrudishia mama mdogo kwa mkono wangu. Tangazo tuliliondoa kwenye vipindi vyote vinne, kazi iliyowachukua vijana siku nzima, kwa kuwa nilikuwa nimelisuka katikati ya mazungumzo na kila tulipokata palibaki kovu. Hata hivyo vipande vilikwisha kutumwa WhatsApp na wasikilizaji wenyewe, hasa kile cha debe. Huko hakuna mkasi unaofika. Miezi mitatu baadaye mtu mmoja pale Dodoma mjini alinishika mkono akaniambia kisa cha baba yangu kilimgusa sana. Nilimwuliza kama alikopa. Akacheka akidhani ni utani.

Tulipokaa kuandaa kipindi cha kukiri, vijana wangu walitaka tutoe taarifa fupi mwanzoni, ya kistaarabu, kama magazeti yanavyofanya kwenye kona ya ukurasa wa pili. Nilikataa kwa sababu za kifundi. Kama uongo ulipita ndani ya kisa, ukweli ukitolewa kwa lugha ya ofisi hautaufikia. Ilibidi usemwe katikati ya kipindi, kwa sauti ile ile, pumzi ile ile, na uwe na mtu ndani yake na lori lililokwama na siku ya kumi na tano. Kwa maneno mengine, ilibidi niutangaze. Na kwa hilo nilihitaji ruhusa ya mwenye kisa.

Nilimpigia mama mdogo nikamweleza. Nilimwambia sitamtaja jina wala soko. Alifikiri muda mrefu, nikisikia kelele za wapakiaji nyuma yake.

"Na hili wanakulipa?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hili hakuna anayelipa."

"Basi sema," akajibu. "Lakini usiseme magunia yalikuwa mangapi. Watu watasema nilidhalilika kwa magunia machache."

Kipindi kile kilikuwa na dakika arobaini. Nilisema magunia, sikutaja idadi, na hapa pia sitaji.